Kabla hujakata springi za Datsun 240Z ya marehemu baba

"Shikamoo fundi. Marehemu baba aliniachia Datsun 240Z ya mwaka 1972, aliyoinunua Nairobi kabla sijazaliwa. Ilikaa bandani miaka tisa. Injini na breki nimeshazitengeneza, sasa nataka gari lishike barabara na lipendeze. Nimepata rimu za aloi za inchi 17, upana inchi 7, zilizotoka kwenye Nissan ya miaka ya 1990 inayovuta kwa mbele. Zina matundu manne na zinaingia kwenye stadi zangu (zile bolti za gurudumu) bila shida. Kwa nyuma zimeandikwa 40. Fundi wa mtaani kwetu anashauri tuvalishe tairi 215/45, tuweke spesa (kipande cha kati ya rimu na habu, yaani kitovu cha gurudumu), halafu tukate springi mizunguko miwili kila mguu ili gari lilale chini. Matairi niliyonayo sasa bado yana kashata nzuri, yaani meno hayajaisha, mwisho wa maandishi ya DOT ubavuni ni 1409. Kitu kingine, usukani unatetemeka nikiwa kati ya kilomita 85 na 95 kwa saa. Naishi Arusha, naenda Moshi kila wiki na Nairobi mara moja moja. Nikifanya anavyosema fundi, mtetemo utaisha na gari litashika barabara? Au nibaki na rimu za chuma za inchi 14 alizoziacha baba?"

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na mzee. Nimelisoma swali lako mara mbili, kwa sababu ndani yake kuna maswali manne yaliyofungwa kwenye furushi moja, na fundi wako anataka kuyajibu yote kwa msumeno. Nikujibu kwa ufupi kwanza, maelezo yafuate. Springi usikate. Rimu za 17 si za barabara unazopita. Mtetemo una chanzo chake na hautaondoka kwa kubadili sura ya gari. Na hayo matairi yenye kashata nzuri yatoke leo, kabla hujaenda Moshi tena.

Nianze na matairi maana ndiyo yanayoweza kukuumiza wiki hii. Tarakimu nne za mwisho baada ya DOT ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. 1409 maana yake ni wiki ya 14 ya mwaka 2009, yaani mwanzoni mwa Aprili. Watu wengi wanapima tairi kwa kashata, na kwa gari linalotembea kila siku wanapata jibu la karibu, kwa sababu kashata huisha kabla mpira haujazeeka. Gari la kukaa bandani ni kinyume chake. Mpira unakauka, mafuta yaliyomo ndani yake yanayoulainisha yanatoka polepole, na gundi inayoshikanisha tabaka za nyaya na mpira inachoka. Kwa nje tairi linang'aa, kwa ndani tabaka zinajiandaa kuachana. Siku linapochemka kwenye lami ya mchana, mwendo wa 100, ngozi yote ya juu inaweza kubanduka kwa mara moja. Mimi sivuki miaka kumi kwa tairi lolote, na likishatimiza sita nalikagua kila mwaka, hasa nyufa ndogo ndogo ubavuni na chini ya mifereji ya kashata. Tena tairi lililokauka halishiki lami yenye maji hata likiwa na kashata zote. Kwa hiyo sehemu ya kile unachokiita gari kutoshika barabara inawezekana kabisa ni mpira mkavu tu.

Sasa tuje kwenye gari lenyewe, maana nataka ujue umerithi nini. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio za magari za East African Safari kwa 240Z, na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akawa wa pili kwa gari kama hilo hilo. Mwaka 1973 Mehta akashinda yeye mwenyewe akiwa na Lofty Drews, kwa 240Z tena. Gari hilo lilivuka matope, vumbi na mawe ya Afrika Mashariki kwa sababu lilikuwa jepesi, injini yake ya mitungi sita ya lita 2.4 ina nguvu ya kuvuta kuanzia chini, na magurudumu yake yote manne yanapanda na kushuka kila moja kwa uhuru wake. Tazama picha za mashindano hayo: magari yamesimama juu na matairi yana ubavu mrefu. Walioshinda kwa gari hili hapa kwetu walilipandisha. Anayekuambia kwamba likilala chini ndipo litashika barabara amejifunza kutoka kwenye picha za magari ya viwanja vya mashindano vya Japani na Marekani, ambako lami ni laini kama meza.

Na hapa ndipo penye kiini cha jambo. Kazi ya springi, shokapu na tairi ni moja tu: kuhakikisha mpira haubanduki kwenye barabara. Tairi likiwa hewani halikati kona wala halifungi breki. Ili mpira ubaki chini wakati barabara inapanda na kushuka, gurudumu lazima liwe na nafasi ya kupanda kuelekea kwenye bodi na nafasi ya kushuka kulifuata shimo. Nafasi hiyo ndiyo mali. Kila milimita unayoiondoa unaipunguzia gari uwezo wa kushika, hata kama kwa macho linaonekana limekaa kimashindano.

Tuchukue mfano ili hesabu ionekane. Tuseme gari lako likiwa limesimama lina milimita 80 za kupanda kabla mguu, yaani lile bomba lenye springi na shokapu, haujagonga kizuizi cha mpira kilicho juu. Ukilishusha kwa milimita 50, umebaki na 30. Tuta la Usa River tu linazimaliza hizo. Zikishaisha, springi haina kazi tena. Uzito wote wa gari unatua kwenye chuma, kutoka kwenye mguu kwenda kwenye kofia ya bodi iliyoushikilia kwa juu. Chuma cha miaka hamsini hakipendi kupigwa nyundo namna hiyo kila siku. Nyufa zinaanzia pale pale juu, chini ya rangi, na hutaziona mpaka boneti ianze kukaa upande.

Kuhusu kukata springi kwenyewe, kuna imani kwamba ukikata unafupisha tu. Hapana, unaibadilisha kuwa springi nyingine. Ugumu wa springi unategemea unene wa waya, upana wa duara na idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Mizunguko ikiwa michache, kila mmoja unabeba sehemu kubwa zaidi ya mnyweo, na springi inakuwa ngumu. Ikiwa ina mizunguko minane inayofanya kazi na ukaondoa miwili, ugumu unapanda kwa theluthi. Shokapu yako ilitengenezwa kutuliza springi ya mwanzo; sasa imepewa springi yenye nguvu zaidi na nafasi ndogo zaidi ya kutembea. Inashindwa, gari linaanza kurukaruka baada ya kila tuta, na wewe unadhani umepata ugumu wa gari la spoti.

Kuna baya zaidi. Springi iliyokatwa inakuwa fupi kuliko nafasi yake mguu unaponing'inia. Nilishawahi kupokea saluni iliyokatwa springi. Nilipoipandisha jeki nikazizungusha springi zote mbili za mbele kwa mkono mmoja, zinacheza kama bangili. Maana yake gari likiruka tuta au gurudumu likidondoka kwenye shimo refu, springi inatoka kwenye kikalio chake, kisha gari linarudi chini kabla springi haijakaa sawasawa. Mwenye gari alikuwa amelalamika tu kwamba linapiga kelele. Nilimwomba aliache pale pale.

Kuna jambo la tatu ambalo mafundi wengi hawalijui, na sisemi hivyo kwa kuwadharau. Halionekani kwa macho. Kwenye mguu wa aina ya gari lako, mkono wa chini unaoshika boljointi (kiungo cha mviringo chini ya mguu) umelala karibu usawa wa ardhi. Ukilishusha gari sana, mkono ule unaelekea juu kutoka kwenye bodi kwenda kwenye gurudumu. Ile nukta ambayo bodi inaizunguka inapolala kwenye kona inashuka haraka kuliko uzito wa gari ulivyoshuka. Matokeo yake gari lililoshushwa linataka kulala kwenye kona kuliko lilivyokuwa mwanzo, na ili kulizuia inabidi springi ziwe ngumu zaidi tena. Tairodi, zile fimbo zinazogeuza magurudumu ya mbele, nazo zinabadili pembe, hivyo kila gurudumu likipanda tuta usukani unavutwa kidogo bila wewe kuugusa. Wanaoshusha 240Z kwa mashindano wanajua: wanaweka vipande vya kama milimita 20 kati ya mguu na boljointi kurudisha pembe, wanafupisha bomba la mguu na kulichomelea upya, na wanatumia shokapu fupi zilizotengenezwa kwa ajili hiyo. Ni kazi nzuri ikifanywa yote. Ikifanywa nusu, ni hasara.

Haya, rimu. Umesema zinaingia kwenye stadi bila shida. Ni kweli, stadi zako nne ziko kwenye duara la milimita 114.3, na Nissan nyingi zimetumia kipimo hicho kwa miaka mingi. Lakini matundu kulingana hakutoshi. Ile 40 iliyoandikwa nyuma ndiyo ofuseti, yaani umbali kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka uso unaokaa kwenye habu. Magari yanayovuta kwa mbele yana ofuseti kubwa kwa sababu ya jinsi habu zake zilivyokaa. Kwa Z, rimu ya inchi 7 inatakiwa iwe na ofuseti karibu na sifuri. Ukifunga yako ya 40, rimu yote inaingia ndani milimita 40 zaidi ya inavyotakiwa, na hapo ndani kuna mguu wa shokapu unaoisubiri. Ndiyo maana fundi akataja spesa. Ameona tatizo, hilo nampa.

Sitakuambia spesa ni mwiko. Ipo spesa nzuri, nene, ya aloi imara, inayofungwa kwenye habu kwa nati zake yenyewe kisha rimu inafungwa kwenye stadi za spesa, na ina mdomo wa katikati unaokaa sawasawa kwenye habu. Ya milimita 40 ya aina hiyo inarudisha rimu mahali inapotakiwa. Ninayoikataa ni ile sahani inayochomekwa tu kwenye stadi za zamani. Stadi zako zina kipenyo cha milimita 12, na kila nati inatakiwa ishike uzi wa urefu usiopungua hapo. Kwa uzi wa gari hili ni karibu mizunguko kumi kamili ya nati. Hesabu unapofunga kwa mkono. Nati ikikaza baada ya mizunguko mitano, gurudumu hilo limeshikiliwa na matumaini.

Hata hivyo, ukitatua ofuseti bado tunabaki na inchi 17. Tairi la mwanzo la gari hili ni la upana wa milimita 175 kwa rimu ya inchi 14, lenye ubavu wa karibu milimita 143 na kipenyo cha karibu 643. Tairi la 215/45 la inchi 17 lina kipenyo cha 625, karibu sawa, ndiyo maana linaonekana linafaa. Lakini ubavu wake ni milimita 97 tu. Zile 46 zilizopotea zimekuwa chuma. Ubavu wa tairi ni springi ya kwanza kabisa ya gari, tena ndiyo nyepesi kuliko zote, inajibu kokoto na ukingo wa shimo kabla springi ya chuma haijapata habari. Kwenye rasta za kuingia mji wowote hapo njiani, au shimo lililofichwa na maji ya masika, ubavu mfupi unabanwa kati ya rimu na ukingo wa lami. Tairi linavimba ubavuni au rimu inapinda. Tena rimu kubwa pamoja na tairi lake kwa kawaida ni nzito. Usiniamini mimi, peleka gurudumu lako la 14 na hilo la 17 kwenye mizani ya gunia sokoni uone. Kila kilo inayoongezeka huko chini ni kilo ambayo springi haiibebi, shokapu ndiyo inahangaika kuirudisha barabarani baada ya kila tuta, na kwa gari la kilo 1,050 hivi inaonekana mara moja.

Na upana? Wengi wanaamini tairi pana linagusa barabara kwa eneo kubwa zaidi. Eneo la mguso linategemea zaidi uzito uliolikalia tairi na upepo uliomo. Upana unabadili umbo: badala ya mguso mrefu mwembamba unapata mfupi mpana. Kwenye kona kavu mguso mpana unasaidia kweli, na sikatai. Kwenye maji, gari jepesi lenye tairi pana linapanda juu ya maji mapema. Na wewe huna usukani wa haidroliki. Mikono yako itajua upana ulioongeza kila unapoegesha.

Ningekuwa mimi, ningetafuta rimu za inchi 15, upana 6 au 6.5, ofuseti karibu na sifuri, matundu manne ya 114.3. Miundo ya Watanabe na Panasport ndiyo iliyozoeleka kwenye magari haya na inaendana na sura yake. Ila nakili zake ni nyingi, kwa hiyo dai rimu yenye alama ya ukaguzi na kipimo cha uzito kilichochongwa juu yake, ukikosa achana nayo. Juu yake ningevalisha 195/65R15. Kipenyo chake ni karibu milimita 635, spidomita yako haitadanganya kwa kiasi cha kukusumbua, na ubavu ni milimita 127. Uzuri mwingine ni kwamba saizi hiyo inavaliwa na saluni nyingi za Kijapani mitaani kwetu, kwa hiyo unaweza kuchagua tairi jipya kutoka kwa watengenezaji wengi badala ya kuokota masalia. Ukipenda gari liwe kali zaidi kwenye kona, 205/60R15 ina kipenyo cha 627 na ubavu wa 123. Hiyo nayo ni nzuri. Angalia herufi ya mwendo iwe H, yaani hadi kilomita 210 kwa saa. Ukishafunga, kata usukani mpaka mwisho pande zote mbili huku gari liko chini, kisha chungulia pembe ya chini ya bodi mbele ya tairi. Hapo ndipo Z hugusa kwanza. Upepo anza na psi 28 tairi likiwa baridi. Gari hili ni jepesi, psi 35 za saluni ya familia zitalifanya lirukeruke.

Umeuliza kama ubaki na rimu za chuma za baba. Hakuna aibu yoyote. Ukivalisha 195/70R14 mpya juu ya rimu iliyonyooka, utapata gari tulivu na salama, ila hakikisha rimu ina upana wa kutosha kwa tairi hilo. Baadhi ya rimu za chuma za kiwandani za miaka hiyo zilikuwa za inchi 4.5 tu, nyembamba mno kwa 195. Pima kabla ya kununua. Zikiwa za 4.5, baki na 175.

Sasa pesa uliyotaka kuitumia kwenye urembo, hapa ndipo ningeipeleka. Vua miguu yote minne. Kila mguu ni bomba la chuma lenye shokapu ndani. Juu ya bomba kuna nati kubwa. Ikifunguka, unatoa kilichochoka ndani unaweka katriji mpya, yaani shokapu nzima iliyofungwa tayari. KYB wa Japani wamezitengeneza katriji za gari hili, na kwa matumizi yako zinatosha. Za kampuni ya Koni ni bora zaidi na bei yake inajisema. Kabla ya kuingiza katriji mimina oili kidogo kwenye bomba, kiasi kwamba katriji ikikaa oili ipande kuizunguka bila kumwagika. Ni kwa ajili ya kupitisha joto kutoka kwenye katriji kwenda kwenye bomba. Mafundi wengi wanairuka hatua hii na katriji inakufa kwa joto. Springi za kiwandani zikiwa hazijalegea wala kupasuka, zirudishe. Zikiwa zimelegea, nunua seti mpya ya urefu wa kiwandani, au ngumu kidogo kuliko za mwanzo. Ukitaka kabisa gari lishuke kwa ajili ya macho, milimita 20 kwa springi zilizotengenezwa kuwa hivyo ndiyo mpaka wangu kwa njia ya Moshi. Na kama unakerwa na gari kulala kwenye kona, stabilaiza (fimbo inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia) nene kidogo ya mbele inapunguza kulala huko bila kukuibia urefu wa kupanda na kushuka.

Halafu bushi, zile raba za kwenye viungo. Hizi ndizo zinazolipa. Kuna fimbo inayotoka mkono wa chini wa mbele kwenda kwenye chesisi, inazuia gurudumu lisiende mbele na nyuma, na mwisho wake kuna bushi mbili za mpira. Baada ya miaka hamsini zimekuwa biskuti. Weka mpya za mpira. Utauziwa za poliyurethani, ngumu, za rangi nyekundu, ukiambiwa ni za mashindano. Kwingine kote siwazuii watu, lakini kwenye fimbo hii nawazuia: fimbo inahitaji kupinda pembe kidogo gurudumu linapopanda, bushi ngumu inaikatalia, na fimbo yenyewe ndiyo inaanza kuchoka penye uzi wake. Zimekatika fimbo kwa namna hiyo.

Nyuma kuna mtego mmoja. Mkono wa chini wa nyuma umeshikwa kwenye habu kwa pini ndefu inayopita kati, na katikati yake pini hiyo imefungwa kwa kabari ndogo yenye nati. Kabari lazima itoke kwanza. Ukiona fundi anapiga pini kwa nyundo kwenye uzi, mshike mkono. Uzi ukifura pini haitatoka tena ila kwa presi. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu siku tatu mfululizo kabla ya kazi, na nunua pini mpya mapema, kwa sababu kuna uwezekano mkubwa utazihitaji.

Mtetemo wako wa 85 hadi 95 ni ugonjwa unaofahamika kwa 240Z. Kitu kinachozunguka kisichokuwa sawa kinatikisa usukani kwa kasi moja, na bushi zilizochoka zinakikuza. Kwa matairi yaliyosimama miaka tisa sehemu moja, nashuku yameingia bapa. Fanya jaribio moja ukishavaa mapya na kubalansi: ukibaki na mtetemo, hamisha magurudumu ya mbele yaende nyuma. Mtetemo ukihamia kwenye kiti, tatizo ni gurudumu. Ukibaki kwenye usukani, tatizo liko mbele: bushi za ile fimbo, bushi za mpira zinazoshika stelingi kwenye chesisi, tairodi, au beringi iliyolegea. Angalia pia kama tundu la katikati la rimu mpya linakaa kwenye habu au linaelea. Likielea, weka pete ya katikati inayolingana. Na nati ziwe za umbo la rimu yako, za koni au za bapa, usichanganye.

Baada ya yote hayo ndipo uende alaimenti, si kabla. Hapo utaambiwa jambo litakaloweza kukuchanganya: kwenye Z ya kiwandani kinachorekebishwa mbele ni kufungua na kufunga tu kwa magurudumu. Kulala kwa gurudumu ndani au nje hakuna skrubu yake, wala nyuma hakuna. Kwa hiyo mashine ikionyesha gurudumu moja limelala tofauti na mwenzake kwa zaidi ya digrii moja, usikubali kuambiwa "tumelivuta kidogo". Kuna kitu kimepinda, mguu, mkono au bodi yenyewe, na lazima kitafutwe.

Kuna mambo ambayo barua haiyatibu, na ukiyakuta nataka gari lisimame mpaka mtu mwenye uzoefu alione kwa macho yake. Ufa wowote kwenye kofia za miguu ndani ya boneti, au pale fimbo ya mbele inaposhikwa na chesisi. Kutu inayoingia bisibisi kwenye chesisi chini ya betri; maji ya betri yameyala magari mengi ya aina hii. Usukani wenye mchezo unaouona kwa macho kabla magurudumu hayajajibu. Mtetemo unaoongezeka wiki hadi wiki. Rimu ya aloi yenye ufa, ambayo mtu atajitolea kuichomelea: usikubali, itupe. Na kazi ya kubana springi usiifanye kwa waya na kamba. Springi iliyobanwa ikichomoka inavunja taya. Fundi asiye na kibanio cha springi kilicho kamili hajawa tayari kwa kazi hii, mpe ile ya bushi.

Fundi wako wa mtaani usimwache. Mtu aliyeona tatizo la ofuseti kwa kutazama tu ana jicho. Mpelekee maelezo haya, mkae naye, mfungue miguu ya gari pamoja.

Siku ya kwanza ya rimu mpya, kaza nati kwa spana ya kipimo, kwa msalaba, Nm 80 hadi 90, gari likiwa limegusa chini. Nenda mpaka Kikatiti, simama kivulini, weka kiganja karibu na kila habu bila kuigusa. Zote nne ziwe na joto linalokaribiana. Moja ikichoma kuliko mwenzake wa upande wa pili, beringi imekazwa mno au breki inashika, rudi polepole. Zikiwa sawa, kaza nati tena ukifika Moshi. Rimu za chuma za mzee zipake grisi kidogo penye uso wa habu, zifunge gunia, uandike kila moja ilitoka kona gani ya gari.